Art Blakey: alikaa nyuma, akawakuza wa mbele

Kuna sauti moja kwenye jazi ambayo ukishaijua huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Mpiga saksafoni yuko katikati ya solo, anakaribia kumaliza mzunguko mmoja wa wimbo aingie mwingine, na nyuma yake panaanza mvumo, vijiti viwili vimegandamizwa juu ya snea, ile dramu ndogo yenye sauti kali, vinatetema kwa kasi mpaka huwezi kutenganisha pigo na pigo, unaanza chini kabisa, unapanda, unazidi kupanda mpaka unahisi kuna kitu kitapasuka, halafu paa! toazi linagongwa, mzunguko mpya umeanza, na yule wa saksafoni hana tena pa kujificha. Huyo ni Art Blakey, mpiga dramu wa Marekani. Wapiga dramu wote wanajifunza ule mvumo, upo kwenye mazoezi ya kila anayeanza, ila wa kwake una uzito ambao mimi sijausikia kwa mtu mwingine yeyote.

Namsikiliza huyu mzee miaka mingi sasa, na kila nikisoma habari zake naona waandishi wanaishia kwenye nguvu. Alipiga kwa nguvu, alitoka jasho, mikono ilikuwa na radi. Ni kweli kabisa. Lakini nguvu wanayo wengi. Kilichonishika mimi ni kwamba nguvu yote ile ilielekezwa kwa mtu mwingine, ilikuwa inamdai mwenzake wa mbele apige vizuri kuliko alivyokusudia kupiga usiku huo. Na hii aliifanya miaka thelathini na zaidi, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukichora ukoo wa jazi kuanzia miaka ya 1950 hadi leo, kila ukifuata tawi unakutana na mtu aliyepita mbele ya dramu za Blakey.

Tuanze alikotoka. Amezaliwa tarehe 11 Oktoba 1919, Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mchanga, baba alikuwa ameshaondoka, akalelewa na watu wa karibu na familia. Akiwa kijana mdogo tu alishafanya kazi kwenye viwanda vya chuma, na usiku anapiga piano kwenye klabu. Ndiyo, piano. Na Pittsburgh hiyo si ya kuchukulia poa, maana ndo ilimtoa Kenny Clarke, aliyehamisha mapigo ya jazi kutoka kwenye dramu kubwa ya mguu akayapeleka kwenye toazi, ndo ilimtoa mwimbaji Billy Eckstine na Roy Eldridge wa tarumbeta na Ahmad Jamal wa piano, na mpiga piano Mary Lou Williams alikulia hapo hapo. Sijui maji ya mto wao yalikuwa na nini.

Sasa ilikuwaje akahama piano? Stori aliyoisimulia mwenyewe maisha yake yote ni hii: alikuwa anaongoza bendi kwenye klabu, akaja kijana mmoja mdogo anaitwa Erroll Garner, akakaa kwenye piano akapiga kitu ambacho Blakey hakukiweza, na mwenye klabu, jamaa mwenye bastola kiunoni, akamwambia Blakey kuanzia leo wewe ni mpiga dramu. Basi. Blakey alikuwa msimuliaji hodari na wanahistoria wanaipokea stori hii kwa tahadhari, ila Garner kweli alikuwa wa Pittsburgh, kweli akaja kuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa duniani, na Blakey kweli akahamia nyuma. Mimi naona ile piano haikupotea. Sikiliza anavyosindikiza wimbo, anajua sehemu ya kati inaanza wapi, anajua wapi wimbo unataka kupumua, na haya yote bila kusoma noti. Waliopiga naye wanasema alikuwa hasomi muziki kabisa, unamletea utunzi mpya, anausikiliza, na ukirudiwa tu anaupiga kama ameandika yeye.

Mwaka 1942 akaenda New York na kikundi cha Mary Lou Williams, kisha akaingia kwenye orkesta kubwa ya Fletcher Henderson, wakawa wanazunguka majimbo ya kusini. Na hapo kuna jambo ambalo watu wanalipita haraka wakati mimi naona halifai kupitwa haraka. Mjini Albany, jimbo la Georgia, polisi walimpiga kijana huyu kichwani vibaya sana mpaka ikabidi awekewe kipande cha chuma. Kwa jeraha hilo jeshi likamwona hafai kwenda vitani. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwanamuziki mweusi aliyekuwa safarini kikazi. Shika hilo, tutalirudia.

1944 Eckstine, mtu wa nyumbani Pittsburgh, akaanzisha orkesta yake na akamchukua Blakey. Ukiwasoma waliopita humo unashangaa: Dizzy Gillespie, Charlie Parker, Sarah Vaughan akiimba, Dexter Gordon, Miles Davis. Bibopu, ule mtindo mpya wa jazi wa kasi, ilikuwa inazaliwa na yeye ndiye anayeishikilia chini. Ile bendi ilipovunjika 1947 akaingia studio na mpiga piano Thelonious Monk kwenye rekodi za mwanzo kabisa za Monk akiwa kiongozi, za kampuni ya Blue Note. Nawapenda sana hawa wawili pamoja. Monk anaacha mashimo makubwa ya kimya kwenye muziki wake, na wapiga dramu wengi wanaogopa kimya, wanakimbilia kukijaza. Blakey hajazi. Anaacha shimo likae wazi halafu anapiga kitu kimoja, pale pembeni, na unaona kumbe shimo lilikuwa na umbo. Walianza pamoja 1947, na Monk aliporekodi studio akiwa kiongozi kwa mara ya mwisho, London, Novemba 1971, aliyekuwa kwenye dramu ni Blakey. Miaka ishirini na nne imepita na bado wanaelewana bila kuangaliana.

Halafu kuna suala la Afrika, ambalo kwa sisi wasomaji wa huku lina utamu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Blakey akasilimu, akachukua jina la Abdullah Ibn Buhaina, na ndo maana wanamuziki wenzake maisha yake yote walimwita Bu. Hakuwa peke yake, wanamuziki wengi weusi wa wakati ule walikuwa wanaingia Uislamu, wakitafuta heshima ambayo nchi yao haikuwapa. Kipindi hichohicho akasafiri kwenda Afrika Magharibi, Nigeria na Ghana. Alisema alienda kusoma dini na falsafa, siyo ngoma. Na alikuwa mkali sana kwenye hili, ukimwambia jazi ni muziki wa Afrika anakukatalia, anasema jazi imezaliwa Marekani na bila Marekani hakuna jazi.

Mimi namheshimu kwa kusema hivyo, maana alikuwa analinda kazi ya watu wake wasiambiwe walichotengeneza kwa jasho lao wamekirithi tu. Lakini masikio yangu yananiambia kitu cha ziada. Mwangalie akipiga: anaweka kiwiko juu ya ngozi ya dramu na kuigandamiza huku mkono mwingine unapiga, sauti inapanda na kushuka, dramu inaongea. Hilo wapiga ngoma wa Nigeria wanalijua karne na karne. Na miaka ya baadaye akatoa albamu nzima za ngoma, Orgy in Rhythm ya 1957, Holiday for Skins, halafu The African Beat ya 1962 alipokaa studio na Solomon Ilori wa Nigeria na wapigaji wengine wengi wa ngoma. Mtu anaweza kukataa kwa mdomo asili ambayo mikono imeikubali, na sioni ubaya wowote hapo, vyote viwili vilikuwa vya kweli kwake.

Sasa tufike kwenye chuo. Maana ndivyo kilivyokuwa, chuo.

Februari 1954, klabu ya Birdland, New York, Blakey anarekodi moja kwa moja mbele ya watu akiwa na Clifford Brown kwenye tarumbeta, Lou Donaldson saksafoni, Horace Silver piano, Curly Russell besi. Clifford ana miaka 23. Kwenye rekodi ile Blakey anashika maiki na kuwaambia watu kwamba yeye atabaki na vijana, na hawa wakizeeka atatafuta wengine wadogo zaidi, kwa sababu hiyo inaiweka akili yake hai. Watu wanacheka. Yeye mwenyewe hapo ana miaka 34 tu! Lakini aliyoyasema ndo aliyoyaishi mpaka kufa, neno kwa neno. Muda mfupi baadaye yeye na Silver wakawa na bendi inayoitwa Jazz Messengers, na Silver alipojitoa 1956 jina likabaki kwa Blakey.

1958 ndo mwaka uliobadilisha kila kitu. Benny Golson, mpiga saksafoni na mtunzi kutoka Philadelphia, alikuwa ameingia kwenye bendi, na yeye ndiye aliyemshawishi Blakey aisuke upya, akamletea vijana wa Philadelphia: Lee Morgan wa tarumbeta, Bobby Timmons wa piano, Jymie Merritt wa besi. Golson aliishi mpaka 2024 na hadithi moja aliisimulia mara nyingi sana. Anasema alipoanza kupiga na Blakey alikuwa bado na ile namna yake laini, ya upole, sauti inateleza. Usiku mmoja akiwa kwenye solo, Blakey akauanzisha ule mvumo mapema, kabla hata mzunguko haujaisha, ukapanda ukapanda mpaka Golson haisikii tena saksafoni yake mwenyewe, halafu Blakey akampigia kelele atoke humo shimoni! Golson anasema hapo ndo akajiuliza, inawezekana kweli niko shimoni? Na akabadilika. Hakupewa somo la nadharia wala hakuitwa pembeni. Alilazimishwa na dramu, hadharani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mi nadhani hakuna namna safi zaidi ya kufundisha muziki huu.

Tarehe 30 Oktoba 1958 hiyo bendi ikaingia studio ya Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey, ikatoka na albamu ambayo dunia inaijua kama Moanin'. Wimbo wenyewe ni wa Timmons, mtoto wa mchungaji wa Philadelphia, na kanisa limo humo wazi kabisa: piano inauliza, bendi nzima inajibu kwa noti mbili, piano inauliza, wanajibu. Wimbo ule ulipendwa Marekani, ukapendwa Ufaransa, na Messengers walipotua Japani Januari 1961 walipokelewa kwa namna ambayo Blakey hakuisahau. Mtu aliyevunjwa kichwa na polisi wa nchi yake anashuka kwenye ndege upande wa pili wa dunia na kupokelewa kwa heshima zote.

Na hapo narudi Georgia. Mei 1961, vijana weusi na weupe walioitwa Freedom Riders walianza kupanda mabasi pamoja kwenda majimbo ya kusini kupinga ubaguzi kwenye usafiri, wakapigwa, basi moja likachomwa moto Alabama. Tarehe 27 mwezi huohuo Blakey akaingia studio na kurekodi The Freedom Rider. Ni dramu tupu, yeye peke yake, zaidi ya dakika saba. Hakuna tarumbeta, hakuna piano, hakuna maneno. Mdundo unatembea, unakuja na kurudi, kuna sehemu unahisi magurudumu na kuna sehemu unahisi kipigo. Siwezi kukuambia alikuwa anawaza nini, ila siwezi pia kuisikiliza bila kukumbuka kichwa chake. Solo nyingi za dramu naziruka, ukweli ndo huo, nyingi ni maonyesho ya misuli. Hii siiruki.

Orodha ya wanafunzi nayo ni ndefu na siwezi kuimaliza. Wayne Shorter wa saksafoni akaingia 1959, akawa mtunzi mkuu wa bendi mpaka 1964 alipoenda kwa Miles Davis. Freddie Hubbard wa tarumbeta akaingia 1961, na Curtis Fuller wa tromboni na Cedar Walton wa piano, bendi ikawa ya watu sita, na kwangu mimi hicho kikosi ndicho kikubwa kuliko vyote. Keith Jarrett alipita hapo akiwa kijana, 1966. JoAnne Brackeen akakaa kwenye piano kuanzia 1969, mwanamke wa kwanza kuwa Messenger. Halafu 1980 anakuja mtoto wa New Orleans, Wynton Marsalis wa tarumbeta, ana miaka 18. Baada yake kaka yake Branford, na Wynton alipoondoka akaingia Terence Blanchard, naye wa New Orleans hukohuko, na Donald Harrison. Wengi wa hao wakaja kuongoza bendi zao wenyewe, na siyo bahati. Blakey alikuwa anawataka watunge. Ukija na wimbo wako unapigwa, jina lako linatajwa kwenye maiki, usiku kwa usiku unasikia utunzi wako unafanyiwa kazi na mpiga dramu bora duniani. Na akiona umekomaa anakuambia nenda kaanzishe yako. Ni viongozi wangapi wa bendi unaowajua wanaomfukuza mtu kwa sababu amekuwa mzuri?

Lakini siwezi kuandika haya na kuacha upande mwingine. Heroini ilikuwa ndani ya hiyo bendi. Blakey mwenyewe alitumia, na vijana waliokuwa wanamwangalia kwa kila kitu walimwangalia na kwa hilo. Lee Morgan, ambaye Moanin' ilimkuta ana miaka 20 na tarumbeta inayocheka, alizama huko, miaka ya baadaye akainuka, akaja kuuawa kwa risasi klabuni 1972 akiwa na miaka 33. Timmons alikufa 1974, ini limeharibika kwa pombe, miaka 38. Simbebeshi Blakey vifo hivyo, zama zile zilikuwa zinameza watu kila bendi na kila mji, ila mwalimu ni mwalimu hata kwenye yale asiyokusudia kufundisha, na ninapomsifu huyu mzee sitaki nijifanye sijaona hilo. Linaniuma hasa kwa Timmons. Aliyeandika wimbo uliolisha bendi nzima miaka na miaka, na leo ukitaja jina lake kwa watu wanaopenda jazi nusu wanakuuliza ni nani.

Miaka ya 1970 ilikuwa migumu. Roki imechukua vijana, klabu zinafungwa, jazi nayo imeanza kuchomeka nyaya za umeme. Wengi wa rika lake walibadilisha nguo na vyombo. 1971 na 1972 alizunguka dunia na kikosi kilichoitwa Giants of Jazz, Dizzy yumo, Monk yumo, Sonny Stitt yumo, halafu anarudi kwa Messengers wake, bado anawasaka watoto, bado anapiga jazi ya vyombo vya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo Wynton alipokuja na ghafla magazeti yakaandika kwamba jazi ya asili imefufuka, ukweli ni kwamba kwa Blakey haikuwahi kufa hata siku moja, alikuwa anaipiga tu watu wakiwa wameangalia kwingine.

Mwishoni masikio yakaondoka. Geoff Keezer, mpiga piano wake wa mwisho mwisho, amesema mzee alikuwa karibu kiziwi kabisa na alikataa kuvaa kifaa cha kusikia kwa sababu kilimvuruga mapigo, kwa hiyo akawa anapiga kwa kuhisi mtetemo. Hebu waza. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kumsikiliza mwenzake na kumjibu, sasa hasikii, na bado bendi haitoki nje ya mstari. Alipiga mpaka kiangazi cha 1990. Alifariki New York kwa kansa ya mapafu tarehe 16 Oktoba mwaka huo, siku tano baada ya kutimiza miaka 71.

Kama hujawahi kumsikiliza na unataka pa kuanzia, usianze na mikusanyo ya nyimbo bora, inakata vitu. Anza na Moanin' yote mwanzo mwisho, ni rahisi kuipenda na haina wimbo dhaifu. Ukishaizoea nenda Birdland ya 1954 umsikie Clifford Brown, ambaye ajali ya gari ilimchukua 1956 akiwa na miaka 25, na ndani ya rekodi ile yuko hai kuliko watu wengi walio hai. Halafu jipe muda, usiku, vipokea sauti vizuri masikioni, uweke Free for All ya Februari 1964. Wimbo wa kwanza, wenye jina hilohilo, ni wa Shorter. Usimsikilize Shorter kwanza. Sikiliza nyuma, yale matoazi mawili ya mguu, pigo la pili na la nne, hayasogei hata kidogo hata pale mikono inapopiga vitu vitatu kwa pamoja, na ukishayashika hayo ndo umrudie Shorter, usikie anavyosukumwa, anapiga sentensi, Blakey anaikata kwa snea, anapiga nyingine ndefu zaidi, Blakey anapandisha, na kuna sehemu Blakey anapiga kelele kwa sauti yake mwenyewe, imeingia kwenye maiki kabisa, na Shorter badala ya kumaliza anaongeza mzunguko mwingine.